Bomba la bati halikatwi kama bomba la maji

Mwanza tuna kata nzima inayoitwa Mabatini, na bado fundi anaweza kumaliza miaka kumi mjini hapa bila mtu kumfundisha namna ya kukata bati lililokunjwa duara. Bati bapa la kuezekea kila mmoja analijua. Bomba la maji analijua. Lakini mabomba ya hewa yamo kila mahali na hayana mwalimu. Zunguka nyuma ya mgahawa mkubwa unaokaanga samaki, utaona dohani la inchi nane limepanda ukutani. Nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, bomba la kutupia pumba liko pale. Ukifika kwenye vinu vya kuchambua pamba vya huku Kanda ya Ziwa, utakuta mabomba mapana yanayonyonya pamba na kuipeleka kwenye mashine. Yote hayo ni bati lenye zinki, na yote siku moja yatahitaji kukatwa: kupunguza urefu, kutoboa tundu la tawi, kuondoa kipande kilichooza kwa kutu.

Hapo ndipo vidole vinapopotelea. Kijana mmoja alikuja kibandani kwangu ametatia kanga ya mama yake mkononi, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza, "Umekata nini, mwanangu?" Akasema, "Bati tu, mzee. Nilidhani ni bati tu."

Tuanze na hilo "tu". Bomba la chuma la maji la inchi moja lina ukuta wa milimita tatu hivi. Bati la geji 26, ambalo hutumika sana kwenye mabomba ya hewa, lina unene wa karibu nusu milimita. (Kumbuka geji huhesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko 26, na 22 ni nene kuliko zote hizo. Hili huwatatiza wateja kila wiki.) Akili inakwambia chuma chembamba ni chepesi kukata. Kukikata kweli ni kwepesi. Kazi ni kukifanya kitulie wakati unakikata. Bomba la maji ukilibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, linakaa kimya kama mgeni. Bomba la bati ukilibana kwenye jiliwa linapondeka, na usipolibana linacheza, linatetemeka, linabonyea chini ya mashine kisha linarudi juu ghafla.

Duara lina siri moja. Likiwa zima lina nguvu ya kushangaza kwa wembamba ule, kwa sababu kila upande unaushika mwenzake. Ukianza kulikata unavunja mkataba huo. Ukifika nusu ya mzingo, una midomo miwili ya bati isiyoshikwa na chochote, na kila mmoja unataka kwenda kwake. Midomo hiyo ikikaribiana huku diski ya grenda, ile mashine ya mkono inayokata kwa diski inayozunguka, iko katikati, diski inabanwa.

Kwamba itakaribiana au itaachana kunategemea umelilaza vipi bomba. Waliowahi kupasua mbao watalielewa hili upesi. Ukiweka bomba juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, halafu ukakata katikati, uzito unalivuta tumbo chini na mkato wa juu unajifunga. Ukiliegemeza upande mmoja tu, kile kipande kinachotoka kikabaki kinaning'inia, mkato unafunguka wenyewe. Tofauti ni pale ulipoweka tofali, basi. Lakini ndiyo inayoamua kama diski itapita au itanaswa.

Na diski ikinaswa? Grenda ndogo, ile ya diski ya milimita 115, huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 240 kwa saa. Basi la usiku la Dar halijafika huko, hata yale yanayosifiwa. Nguvu hiyo yote ikizuiwa ghafla haipotei, inahamia kwenye mwili wa grenda, na grenda inaruka kufuata mstari wa diski: kifuani, usoni, pajani. Fadhila ya punda ni mateke, na grenda ni punda wa aina yake. Kwa hiyo usisimame kwenye mstari wa diski. Simama pembeni kidogo, mikono miwili kwenye mashine, mpini wa ubavuni umefungwa. Isukume grenda kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa diski, kwa sababu ukienda sawa na mzunguko, diski hujigeuza tairi na kukimbia juu ya bati.

Hapa lazima niseme kuhusu kava, ile kinga inayofunika diski. Mjini hapa, grenda yenye kava ni kama ng'ombe mweupe pe: wapo, lakini utazunguka. Kava huondolewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutaka kuona mstari, na hiyo ni tabia mbaya tu. Ya pili ndiyo inayoua: fundi ana grenda ya inchi nne na nusu lakini anataka kufika mbali, anavua kava na kufunga diski ya inchi saba. Inaingia, ndiyo, maana tundu la katikati mara nyingi ni lilelile. Sasa rudia hesabu yetu. Diski hiyo ya inchi saba, yaani milimita 180, kwa mizunguko ileile 11,000 inakwenda zaidi ya mita 103 kwa sekunde ukingoni. Diski nyingi za kukatia zimeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde. Ile ya 115 ilikuwa ndani ya kikomo kwa mbali. Hii ya 180 imekipita kwa zaidi ya robo. Diski ya kukatia ni mchanga mgumu ulioshikwa na gundi na wavu wa nyuzi, na ikipita kikomo inapasuka vipande. Vipande havichagui pa kwenda. Diski ya msumeno wa mbao, yenye meno, kuifunga kwenye grenda na kukatia bati ni habari nyingine ambayo sitaifafanua, usifanye.

Gundi ile pia huchoka. Angalia kile kipete cha chuma katikati ya diski, utaona mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Unyevu huidhoofisha, nasi tunaishi kando ya ziwa. Diski zilizokaa sakafuni kwenye kibanda kinachovuja masika yote si diski za kuamini, hata kama ni mpya kwa macho. Ziweke pakavu, zilale bapa. Yenye ufa au iliyobanduka ukingoni ivunje kabisa kabla ya kuitupa, ili mwenzako asiiokote.

Nimeisema sana grenda kwa sababu ndiyo iliyoko mikononi mwa watu. Ukiniuliza mimi, kwa bomba la bati grenda ni chaguo la mwisho. Inafika kokote na haibagui unene, ndio uzuri wake. Ila inatoa cheche, inaunguza zinki na inaacha kingo mbaya. Kuna zana zinazokata bila moto.

Ya kwanza haina hata waya. Mkasi wa bati, ile seti yenye mipini ya rangi, hutosha kwa bati la geji 26 na hata 24. Rangi zile si urembo: mwekundu hukata ukikunja kushoto, wa kijani ukikunja kulia, wa njano hukata moja kwa moja. Kuzunguka bomba, toboa tundu la kuanzia kisha chukua ule unaokunjia upande unaokwenda. Shida yake ni kiganja kuchoka, na kiganja kikichoka mkono huanza kutembea pale usipopaswa kuwa.

Wa umeme ni mkasi wenye taya tatu, ambao hunyofoa utepe mwembamba wa bati katikati na kuacha pande zote mbili zimenyooka. Kwa bomba la duara sijaona kinachoushinda: hauna cheche, haubonyezi, mstari unatoka safi. Utepe ule unaojikunja mbele ya mashine ni wembe, uache uanguke wenyewe, usiuvute kwa mkono huku mashine inakwenda. Kisha kuna mashine ya kung'ata, wengine huiita nibla, inayotoboa bati vijitundu vinavyofuatana. Inakunja kona vizuri na hailitetemeshi bati. Ubaya wake ni vile vijimwezi vya chuma inavyovitema, vidogo kama kucha za mtoto, vyenye ncha mbili. Nitavirudia.

Jigsoo, ule msumeno mdogo wa umeme wenye blade inayopanda na kushuka, watu huipenda, nami kwa bomba huiogopa. Chukua blade yenye meno 32 kwa inchi, ambayo ni kati ya zile za meno madogo kabisa utakazozipata dukani. Nafasi kati ya jino na jino ni karibu milimita 0.8. Bati lako ni nusu milimita. Maana yake bati linaweza kuingia lote kati ya meno mawili, na jino linalofuata halikati tena bali linakwaa na kuvuta. Ndiyo maana bati linarukaruka na blade inakatika. Kwenye bati bapa unaweza kulibana na plaiwudi chini yake, meno yakapata kitu cha kushika. Kwenye bomba plaiwudi haikunjiki, na ile miguu ya jigsoo haitulii juu ya mgongo wa duara. Msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma una nafuu kidogo, kwa sababu unaweza kuulaza karibu sambamba na bati na meno mengi yakagusa kwa pamoja.

Na kama bomba hujalikunja bado, likate likiwa bapa. Wanaokunja wenyewe na wanaonunua yale ya kubana mshono kwa mkono wana bahati hiyo, lakini mara ngapi nimeona mtu anafunga mshono kwanza, analitazama, ndipo anakumbuka futikamba!

Bomba la kuviringishwa mshazari, lililokunjwa kwa utepe wa bati unaolizunguka, halina nafuu hiyo. Mshono wake unaolizunguka kama nyoka una matabaka manne ya bati yaliyokunjwa pamoja. Mkasi na nibla hukwama hapo. Njia yangu ni kuchanja mshono tu kwa grenda, sentimita mbili hivi kila unapokutana na mstari, kisha kurudi kwenye mkasi.

Sasa maandalizi, ambayo kwangu huchukua muda mrefu kuliko kukata. Mstari kwanza. Usikadirie kwa jicho. Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, kata utepe wenye ukingo mnyoofu, mrefu kuliko mzingo. Bomba la inchi nane lina mzingo wa sentimita 64 hivi. Lizungushie utepe, ncha zake zikilaliana sawasawa ukingo kwa ukingo, mstari wako hauna upogo. Chora kwa makapeni.

Kisha kitanda. Pigilia vipande vya mbao viwe kama herufi V, viwili au vitatu, bomba lilale ndani yake bila kubingirika. Lifunge kwa mkanda, si kwa goti. Nasema goti kwa sababu nimewahi kuwa fundi wa goti, na alama ninayo juu ya paja la kushoto, ndefu kama kiberiti. Ndani ya bomba sukuma duara la plaiwudi lililokatwa pungufu kidogo ya kipenyo, likae sentimita chache kutoka kwenye mstari, upande unaoubakiza. Hilo ndilo linalorudisha ule mkataba wa duara wakati unaukata. Nje, upande huohuo, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ukiwa umevutwa, kama unavyofunga mzigo kwenye kiti cha nyuma. Mpira unameza mtetemo. Utasikia tofauti kwa sikio kabla ya kuiona kwa jicho.

Sikio nalo lina haki yake. Bomba la bati ni ngoma, na grenda ni mpigaji asiye na adabu. Kelele hufika desibeli 100 kwa urahisi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asiyeziba masikio asikae kwenye kelele ya kiwango hicho zaidi ya dakika 15 kwa siku. Dakika 15 ni mabomba mangapi? Vizibo vya sponji havina bei ya kutisha.

Unapokata, usijaribu kumaliza kwa pigo moja. Pita mara ya kwanza kwa kuchora tu mfereji, ukilizungusha bomba kwenye kitanda badala ya wewe kulizunguka. Pita ya pili ndiyo itoboe. Na usikate mzingo wote. Acha vishikio vinne, kila kimoja upana wa kidole, vilivyogawana duara. Kipande kitabaki kimeshikwa, hakitajipinda wala kuangukia mguu, na mwisho unavikata vishikio hivyo kwa mkasi huku mashine imezimwa na imelala chini. Hii imenisaidia kuliko glavu zote nilizonunua.

Glavu zenyewe zina mabishano. Kwa kushika bati na kukata kwa grenda, vaa za ngozi zinazobana mkono. Kwa drili, zile za kufuma zivue: biti hudaka uzi mmoja na kuvuta kidole kizima. Biti ya kawaida pia hudaka bati jembamba pale inapotokeza upande wa pili, na bati huzunguka nayo kama pangaboi. Biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia na vidaraja vinavyopanuka, haina tabia hiyo. Macho yanataka miwani iliyoziba pembeni na juu yake ngao ya uso, siyo kimoja badala ya kingine. Kama umeajiriwa, vifaa hivi si hisani ya bosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inamtaka mwajiri akupe.

Umeme wetu nao una mchezo wake. Unakatika uko katikati ya mkato, unashusha pumzi, unaiweka grenda mezani, unakwenda kunywa chai. Swichi umeiacha imefungwa kwenye kuwaka. Umeme ukirudi, grenda inaamka peke yake mezani. Ukikatika tu, zima swichi, chomoa plagi, ndipo uende. Na ukifanya kazi nje baada ya mvua, kumbuka umeshika chuma kirefu kilicholala kwenye ardhi yenye maji, na waya wa ekstensheni unapita chini yake, chini ya kingo ulizozikata sasa hivi. Waya upitishe juu, na soketi iwe na kikatio cha miliampea 30, kile kinachokata umeme ukivuja.

Kuhusu moshi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 za Selsiasi na kuchemka kwa 907, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500. Diski ikilikwaruza bati hadi kuwa jekundu, zinki imekwisha kuyeyuka na inaanza kugeuka mvuke. Nje penye upepo wa ziwa kiasi hicho ni kidogo. Ndani ya chumba kilichofungwa, siku nzima, na hasa mkilehemu hapohapo, ni habari nyingine. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni, unapata baridi, homa, viungo vinauma, mdomoni ladha ya chuma. Kesho yake au kesho kutwa imeisha. Kwa mtu wa Mwanza dalili hizo zina jina moja tu, malaria, na wapo waliokunywa dawa za malaria kwa homa ya moshi wa zinki. Usijiamulie upande wowote: kapime, na mwambie tabibu kwamba ulikuwa unakata mabati.

Zinki ikiungua pia kutu inapata mlango. Cheche zinazoruka na kunata kwenye bati la jirani huota madoa mekundu baada ya wiki chache. Ukikata kwa grenda, paka rangi ya zinki kwenye kingo siku hiyohiyo.

Lakini cheche zina jambo zito kuliko kutu. Miaka ya nyuma tuliitwa kwenye kiwanda kimoja cha pamba, jina nitaliacha, kubadilisha kiwiko cha bomba la kunyonyea. Tukafagia nje, tukaweka ndoo ya maji, tukakata kwa grenda. Hakuna kilichowaka. Tukafunga kazi, tukala ugali na sato, tukapiga soga. Saa moja na nusu baadaye mlinzi akasema ananusa kitu. Cheche zilikuwa zimeingia ndani ya bomba, zikatua kwenye manyoya ya pamba yaliyonata kwenye mshono mita sita mbele, na pamba haikuwaka kwa mwali, ilikuwa inakula moto taratibu ndani kwa ndani. Tuliuzima moto kwa sababu ya pua ya mlinzi tu. Dohani la jikoni lina hatari hiyohiyo, mafuta ya kukaangia badala ya pamba, ila lenyewe hulipuka haraka. Bomba lililokwisha kutumika, basi, lifungue na ulisafishe ndani kwanza, likate kwa zana zisizo na cheche, na feni yake uizime na kuitia kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Ikibidi grenda, lishushe bomba ulikatie nje. Lisiposhuka, mtu mmoja abaki analinda kwa muda mrefu kuliko ile saa moja na nusu yetu baada ya cheche ya mwisho, na asiwe yule mwenye njaa.

Kingo za mkato zipitishie tupa ndani na nje kabla mtu mwingine hajalishika bomba. Halafu vile vijimwezi vya nibla. Vinajificha kwenye vumbi, vinapenya kandambili kama vile hakuna kandambili, na watoto wa jirani hupita kibandani wakienda kuchota maji. Ufagio unaviacha. Mimi nimefunga sumaku ya spika mbovu kwenye fito, nikaivika mfuko wa nailoni. Naipitisha chini, inakusanya, halafu nageuza mfuko ndani nje juu ya debe na vyote vinadondoka.